Asilimia, ramani ya simu au taarifa rasmi: kimbunga kikinukia, ufuate ipi?

Kila ifikapo Aprili, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasafirishaji wa Kampala, Busia na Mutukula huzunguka picha za namna moja. Bahari ya Hindi imepakwa bluu, katikati pana duara jekundu, na duara lenyewe linaelekea Dar es Salaam. Chini yake mtu ameandika: "Wakubwa, kimbunga hicho, zuieni mizigo." Haina tarehe wala jina la aliyeitengeneza. Wiki ikikatika, Kurasini jua linawaka, na aliyeuacha mzigo wake bandarini anahesabu siku za kulipia hifadhi ya kontena. Halafu unakuja mwaka kama 2024, picha ya aina ile ile inasambazwa, watu wanacheka, na safari hiyo barabara ya Lindi inakatika kweli.

Uganda hatuna bahari, lakini mafuta, magari, mbolea na nguo tunazovaa vinapita humo. Tena tuna ziwa lenye dhoruba zake, zisizongoja kimbunga cha mtu. Taarifa zinazotufikia ni za aina nne: asilimia za uwezekano wa kimbunga kuundwa, ramani za rangi kwenye simu, taarifa rasmi ya kimbunga ambacho tayari kina jina, na utabiri wa ziwa. Hapa naziweka sambamba nione ipi inafaa kwa uamuzi gani. Msimamo wangu nautoa mapema: ramani ya simu ndiyo inayotazamwa kuliko zote, na mimi ningeipa nafasi ya mwisho.

Mengi huanza, machache hufika

Hakuna taarifa utakayoielewa vizuri kabla hujajua kwamba vimbunga vingi hufa kabla ya kuzaliwa. Mfano uliochunguzwa zaidi duniani unaanzia jirani kwetu. Katika miezi ya katikati ya mwaka, joto la Sahara upande wa kaskazini na hewa ya ubaridi kutoka Ghuba ya Guinea upande wa kusini hutengeneza mkondo wa upepo unaokwenda magharibi, kilomita tatu hadi nne juu ya ardhi. Mvua kubwa za ngurumo zinazoumuka juu ya milima ya Ethiopia na ya Darfur huutikisa mkondo huo, nao huanza kujipinda. Kila mpindo ni wimbi la hewa: sehemu moja hewa inapanda na mvua inanyesha, sehemu nyingine panakauka. Kutoka wimbi moja hadi linalofuata ni kama kilomita elfu mbili na zaidi, na ukisimama mahali pamoja yatakupita kila baada ya siku tatu hadi tano. Yanavuka Sudan, Chad, Niger na Mali, yanatokeza Senegal, kisha yanaingia Atlantiki.

Kwa mwaka huhesabiwa mawimbi kama 60. Sasa linganisha: wastani wa dhoruba zilizofikia kupewa jina katika Atlantiki nzima, kwa miaka ya 1991 hadi 2020, ni 14 kwa mwaka, na si zote zilizotokana na mawimbi haya. Yaliyobaki huishia kuwa siku moja ya mvua Barbados, au huvuka Amerika ya Kati na kwenda kujaribu bahati Pasifiki. Hata hivyo, usiyadharau. Katika vimbunga vikali kabisa vya Atlantiki, takriban asilimia 85 asili yake ni wimbi lililotoka Afrika. Beryl, kilichofikia daraja la tano mwanzoni mwa Julai 2024, mapema kuliko kingine chochote kilichowahi kurekodiwa huko, kilianza hivyo hivyo.

Kinachoamua ni masharti, nayo yanatakiwa yatimie kwa pamoja. Maji ya bahari yawe na joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na joto hilo lishuke makumi ya mita chini, maana upepo hukoroga maji na kuleta juu yale ya baridi. Hewa ya kati iwe na unyevu. Upepo wa juu usipishane sana na wa chini, la sivyo wingu linakatwa kichwa. Na mahali penyewe pawe mbali kidogo na ikweta, kwa sababu mzunguko wa dunia ndio unaoipinda hewa iliyokuwa ikikimbilia kwenye mgandamizo mdogo wa hewa hadi ianze kuzunguka. Kwenye ikweta mpindo huo ni sifuri. Kwa kawaida huhitajika kama nyuzi tano za latitudo, yaani zaidi ya kilomita 500.

Uganda nzima iko kati ya nyuzi moja na nusu kusini na nyuzi nne na kidogo kaskazini. Pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, watu wanapopanga foleni kupiga picha mguu mmoja huku na mwingine kule, ni mahali ambapo kimbunga hakiwezi kuzaliwa kabisa. Dunia imeona vimbunga vya ajabu vilivyokaribia mno mstari huo, kama Vamei karibu na Singapore mwezi Desemba 2001, chini ya nyuzi mbili kaskazini, lakini kinatajwa hadi leo kwa sababu ya uhaba wake. Kwa hiyo anayekuambia kimbunga kinakuja Kampala, mwache apumzike. Madhara kwetu huja kwa njia nyingine, nitazifikia.

Bahari ya Hindi upande wetu ina mtindo tofauti kidogo. Vimbunga vyake huchipuka zaidi kwenye ukanda wa mvua unaokuwa kusini mwa ikweta kuanzia Novemba hadi Aprili. Husaidiwa na wimbi kubwa la mawingu linalozunguka tropiki kutoka magharibi kwenda mashariki kila baada ya siku 30 hadi 60, ambalo wataalamu huliita MJO. Lakini kanuni ni ile ile: mvurugiko mwingi, vimbunga vichache.

Jobo na Hidaya: pwani moja, miisho miwili

Ukitaka kuona tofauti kati ya kilichofika na kisichofika, huna haja ya kwenda Florida. Tuna jozi safi kabisa hapa Afrika Mashariki.

Jobo kilipata jina Aprili 2021, kaskazini ya Madagascar. Kilikuwa kidogo kwa umbo, na njia yake ilielekea moja kwa moja pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitoa tahadhari, watu wa Mafia na Dar es Salaam wakajiandaa. Halafu kikaanza kudhoofika kikiwa bado baharini. Hewa kavu iliingia, upepo wa juu ukakisukuma kichwa, na kilipokaribia pwani tarehe 24 na 25 kilikuwa kimebaki mabaki ya mawingu. Mitandaoni walikipokea kwa vichekesho.

Hidaya kilipata jina mwanzoni mwa Mei 2024, karibu eneo lile lile, mwezi ambao kwa kalenda msimu ulikuwa umekwisha. Bahari ilikuwa na joto isivyo kawaida, ardhi ilikuwa imeshashiba mvua za masika zilizokuwa zimefurisha Kenya na Tanzania. Kilifikia hadhi ya kimbunga kamili, kikapiga eneo la Mafia na pwani ya kusini tarehe 4 Mei, kikapungua nguvu kilipokutana na ardhi. Boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Mvua yake ndiyo iliyokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na maji yakaingia vijiji vya Kilwa.

Angalia kinachofanana: jirani ya mahali, msimu unaoishia, njia ya kuelekea magharibi, tahadhari ya mamlaka ile ile. Kwenye picha ya simu, siku tano kabla, usingeweza kuvitofautisha. Kilichovitenga ni vitu visivyochorwa kwenye picha hiyo ya kusambazwa: unyevu wa hewa ya kati na upepo wa juu.

Zaidi ya hayo, Jobo hakikuwa "utabiri ulioshindwa". Tahadhari ilisema kuna kimbunga na kinakuja, na kimbunga kilikuwepo na kilikuwa kinakuja. Matoleo yaliyofuata yalieleza kwamba nguvu inapungua. Aliyesoma toleo la kwanza tu ndiye aliyedanganyika, na wengi wetu husoma la kwanza tu.

Asilimia: zinajibu swali ambalo wengi hawakuuliza

Kituo cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, hutoa kila siku ya msimu ramani yenye maeneo yaliyopakwa njano, chungwa na nyekundu. Chini ya asilimia 40 ni njano, 40 hadi 60 ni chungwa, zaidi ya 60 ni nyekundu. Huhesabu siku mbili zijazo na siku saba zijazo. Hiyo ni ya Atlantiki na Pasifiki ya mashariki. Kwa Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi, kazi hiyo iko kwa kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwa cha Réunion, ambacho hueleza kwa maneno uwezekano wa kuundwa kwa siku tano zijazo: mdogo sana, mdogo, wa wastani, mkubwa, mkubwa sana.

Ubora wa asilimia hizi ni uaminifu wake. Zimepimwa miaka mingi dhidi ya kilichotokea, na waliposema saba kati ya kumi, kwa ujumla karibu saba kati ya kumi zilitokea. Sijui taarifa nyingine ya hali ya hewa inayokiri kiasi cha shaka yake waziwazi namna hiyo.

Udhaifu uko kwa msomaji. Asilimia 70 maana yake ni uwezekano wa kitu kuundwa mahali fulani ndani ya eneo lililopakwa rangi. Haisemi kitakwenda wapi, haisemi kitakuwa na nguvu gani, wala haisemi chochote kuhusu nyumba yako. Rangi nyekundu si ukali, ni uhakika. Eneo lenyewe si mahali upepo utakapopiga, ni mahali mtoto anaweza kuzaliwa. Upande wa pili nao una mtego: asilimia 20 haimaanishi mvua ndogo. Wimbi lisilowahi kupata jina linaweza kumwaga maji ya kufurisha mji, kwa kuwa jina hutegemea upepo na mzunguko, si wingi wa mvua.

Kwa nani basi? Kwa mtu mwenye muda wa siku tano hadi saba na uamuzi usiogharimu kuubadilisha. Kama unapanga kuagiza, kama bado hujasaini, kama una ndugu Boston au Miami anayeuliza aje lini, asilimia zinakutosha. Usizuie lori kwa asilimia.

Ramani ya simu: inapendeza mno

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo inayotuponza.

Programu zile za simu zenye upepo unaotiririka skrini nzima hazitabiri chochote zenyewe. Zinachora matokeo ya modeli za kompyuta, hasa mbili: ya Marekani iitwayo GFS na ya kituo cha Ulaya kiitwacho ECMWF. Zote ni kazi kubwa ya kisayansi, sina ugomvi nazo. GFS huanzishwa upya mara nne kwa siku. Kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku, na matokeo hutoka saa kadhaa baadaye. Maana yake, picha uliyotumiwa jana jioni imeshapitwa na matoleo matatu au manne. Ndiyo sababu picha isiyo na tarehe ni takataka, hata kama ilikuwa sahihi ilipotoka.

Tatizo la pili ni kwamba unachokiona ni jaribio moja. Vituo vyenyewe haviamini jaribio moja. ECMWF huendesha modeli yake zaidi ya mara 50 kwa wakati mmoja, kila mara ikibadilisha kidogo hali ya mwanzo, kisha huangalia ni majaribio mangapi yaliyozaa kimbunga na yalielekea wapi. Yakiwa matano kati ya 50, mtaalamu anatikisa bega. Wewe ukibahatika kuonyeshwa mojawapo ya hayo matano, unaona kimbunga kamili, chenye jicho, chenye rangi ya damu, tarehe na saa ya kutua. Simu haikuonyeshi yale 45 yaliyobaki.

Tatizo la tatu ni tabia ya kidole. Mkono unasogeza ile saa ya chini hadi siku ya kumi, kwa sababu inawezekana kusogeza. Kwa mvurugiko ambao bado haujajikusanya, siku ya kumi ni hadithi. Modeli haijui kitovu kitakuwa wapi, na kitovu kikihama kilomita mia mbili wakati wa kuzaliwa, njia yote inayofuata inahama nacho. Mimi naiamini ramani ya simu kwa siku tatu za kwanza, kwa mfumo ambao tayari umepata kitovu, na kwa sharti kwamba modeli zote mbili zinasema jambo linalokaribiana. Moja ikitua Lindi na nyingine ikizimia baharini, jibu sahihi ni kwamba hakuna anayejua bado. Si kwamba uchague ile unayoipenda.

Kuna jambo moja ambalo simu inafanya vizuri kuliko taarifa zote: picha halisi ya setilaiti. Hiyo si utabiri, ni kilichopo. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat zinapiga picha Afrika kila robo saa au pungufu, na programu nyingi huiweka bure. Ukiona mawingu yamekusanyika upande mmoja tu wa kitovu, na upande wa pili kuko wazi, ujue upepo wa juu unakitafuna. Ukiona mawingu yanazidi kujizungusha kukifunika kitovu siku hadi siku, anza kusoma taarifa rasmi kwa makini.

Taarifa yenye jina: chache, kavu, na ndiyo ya kufanyia kazi

Upande huu wa bahari, mfumo hupewa jina upepo wake endelevu ukifika kilomita 63 kwa saa. Kabla ya hapo una namba tu. Kuanzia 63 ni dhoruba ya wastani, kuanzia 89 ni dhoruba kali, kuanzia 118 ni kimbunga. Majina hufuata alfabeti kila msimu, kwa hiyo herufi ya kwanza inakupa hesabu bila kuuliza: Hidaya kilikuwa cha nane msimu wa 2023/24. Kilichofuata, Ialy, kilisogea mwezi huo huo wa Mei hadi karibu na pwani ya Kenya na Somalia, kikaleta upepo mkali, kisha kikafifia bila kutua.

Taarifa rasmi hutoka Réunion kila saa sita mfumo unapokuwa hai, na nchi inayotishiwa, kwa upande wetu Tanzania, Kenya au Msumbiji, hutoa ya kwake kwa lugha yake. Kwa msafirishaji wa Uganda ya TMA ndiyo bora, kwa sababu mbili: imeandikwa kwa Kiswahili, na inataja mikoa. Kama imetaja Lindi, Mtwara na Pwani na haikuitaja Dar es Salaam, hiyo ni habari, si usahaulifu.

Unapoisoma, usiangalie mstari wa katikati peke yake. Umbo lile linalopanuka mbele ya kimbunga ni mahali ambapo kitovu kinaweza kupita. Si ukubwa wa kimbunga. Mvua na mawimbi hufika mbali nje ya umbo hilo, na unaweza kuwa nje ya mchoro bandari ikafungwa kwa sababu ya mawimbi. Kisha linganisha toleo la leo na la jana: kasi ya upepo imepanda au imeshuka, saa ya kutua imesogea mbele au nyuma. Matoleo mawili mfululizo yakisema inashuka, kama ilivyokuwa kwa Jobo, tulia.

Kasoro yake ni kuchelewa. Ikitoka, mara nyingi una siku mbili au tatu, na kwa mfumo unaozaliwa karibu na pwani unaweza kuwa na pungufu ya hapo. Meli iliyokwisha tia nanga huwezi kuigeuza. Lakini lori lililoko Morogoro unaweza kulisimamisha, na kontena unaweza kuliomba litolewe kabla ya siku ya kutua badala ya baada yake. Uamuzi wa fedha, kwa maoni yangu, ungoje jina.

Ziwani, yote hayo weka kando

Ziwa Victoria limekaa juu ya ikweta, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kimbunga hakizaliwi humo. Dhoruba zake zina ukubwa wa kilomita chache tu na umri wa saa chache, na huua watu wengi wa eneo hili kuliko vimbunga vya pwani. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, haina leseni, na hali ya hewa ilikuwa imechafuka. Hapakuhitajika kimbunga chochote baharini.

Utaratibu wa ziwa ni wa kila siku. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na radi zinapiga Kampala alasiri. Usiku inageuka: nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote kwenda ziwani, unakutana juu ya maji yaliyobaki na joto, unapanda. Kwa hiyo dhoruba za ziwa ni za usiku wa manane hadi asubuhi, na upepo wa mashariki huzisukuma kuelekea Ssese na Bukoba. Ni saa zile zile ambazo wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, wako kazini, maana mukene hufuata taa, na taa hutaka usiku usio na mwezi.

Modeli za dunia nzima huona ziwa kwa vipande vya takriban kilomita kumi. Wingu linaloweza kupindua mtumbwi hupenya kati ya vipande hivyo. Ndiyo maana programu ya simu itakuonyesha kialama kile kile cha wingu lenye radi siku saba mfululizo, na ukisema inadanganya huna haki, ukisema inasaidia pia huna haki.

Kinachosaidia ni utabiri wa ziwa wenyewe. Mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia 2017 pamoja na Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, ulijenga utabiri unaoligawa ziwa kwa maeneo na siku kwa vipindi, ukitaja upepo, kimo cha mawimbi, mvua na radi. Kwa Uganda hutolewa na wataalamu wa hali ya hewa wa taifa, na husomwa kwenye redio na kutumwa kwenye miyalo. Uchague huo kwanza. Wa pili ni macho yako. Mzee mwenye mitumbwi pale Ggaba huangalia kitu kimoja akiwa majini: upepo uliokuwa wa vuguvugu ukigeuka baridi ghafla, ukitokea upande wenye wingu, hangoji tone. Taa zinazimwa, wavu unavutwa, kama hauvutiki unakatwa. Hewa ile baridi ni ile iliyoshuka kutoka ndani ya wingu, imetangulia mbele ya mvua, na nyuma yake kuna dakika chache tu. Hakuna programu inayokupa onyo lililo wazi hivyo, ingawa linakuja limechelewa kwa aliye mbali na ufukwe. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kutoka mwaloni, si wakati huo.

Basi nichague ipi?

Ukiwa na mzigo unaopita Dar es Salaam, miezi ya kuwa macho ni Aprili na wiki za kwanza za Mei. Vimbunga vichache vilivyoiumiza pwani ya Tanzania hukusanyika hapo: cha Zanzibar Aprili 1872, cha Lindi Aprili 1952, Hidaya Mei 2024. Kati ya Januari na Machi vingi hushughulika na Madagascar, Mauritius na Msumbiji, kama Idai kilichoipiga Beira Machi 2019. Tazama uwezekano unaotolewa na Réunion mara moja kwa wiki, ukisikia "mkubwa" tazama kila siku, likitoka jina hamia TMA na usitoke hapo. Mzigo wako ukipakiwa Mwanza kuja Port Bell, ongeza utabiri wa ziwa usiku wa kuondoka. Wa Mombasa wana nafuu zaidi kwa kuwa wako karibu na ikweta, ingawa Ialy imewaonyesha kuwa nafuu si kinga.

Ukiwa na ndugu Marekani, soma taarifa za Miami, na uanze kumpigia simu wakati jina limetoka na mji wake umetajwa. Kabla ya hapo unamsumbua bure.

Mkulima ana hesabu yake peke yake, na ni yeye ambaye kimbunga kinamfikia kwa njia ya kuzunguka. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagascar, kinaweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Congo hadi kwetu. Machi 2018 ilikuwa hivyo, vimbunga Dumazile na Eliakim vikiwa huko, na Afrika Mashariki ikaloa kupita kawaida. Kikikaa kwenye mlango-bahari wa Msumbiji, kinaweza kuvuta unyevu upande wake. Machi 2019, Idai kilipokuwa hai, mvua za msimu zilichelewa sehemu kubwa ya kanda hii. Kwa hiyo mkulima wa Mubende au Masindi asihangaike na njia ya kimbunga wala kasi ya upepo. Asome utabiri wa msimu, kisha ule wa kila wiki wa ICPAC, kituo cha utabiri cha kanda kilichoko karibu na Nairobi, na akisikia kuna kimbunga mashariki ya Madagascar wakati mvua za Machi zimeanza kwa kishindo, angoje kidogo kabla hajamwaga mbegu zote. Mvua ya upepo wa Congo inaweza kunyesha wiki nzima na kukatika siku kimbunga kinapokwenda zake, mahindi yakiwa yamechipua urefu wa kidole.